Somo: Jinsi peptidi za wadudu zinavyotoboa utando wa hamira

Mdudu hatengenezi kingamwili kama sisi. Kikosi cha Hans Boman nchini Uswidi kilidunga bakteria kwenye nondo Hyalophora cecropia akiwa bado ndani ya kifukofuko, na mwaka 1981 kikatangaza peptidi (minyororo mifupi ya asidi amino, vijenzi vya protini) zilizopatikana katika damu yake: sekropini. Sekropini A, yenye asidi amino 37, hushambulia pia Candida albicans, aina ya hamira inayowatoa watoto wachanga madoa meupe kinywani.

Hatua ya kwanza ni mvuto wa chaji, nami naiona ndiyo msingi wa yote. Peptidi hii ina lisini nyingi, asidi amino yenye chaji chanya, kwa hiyo imebeba chaji chanya, ilhali ukuta wa hamira una manani (minyororo ya sukari) zenye fosfati, na utando wa seli ulio chini yake una lipidi, yaani mafuta, aina ya fosfatidilserini na fosfatidilinositoli, zote zikiwa na chaji hasi.

Hatua ya pili ni kubadili umbo. Ikiwa majini, peptidi hulegea kama uzi. Ikigusa lipidi, hujisokota kama springi, upande mmoja ukielekea maji na wa pili ukizama katika mafuta.

Hatua ya tatu ni wingi. Peptidi hujilaza juu ya utando kama mkeka, na zikishabana vya kutosha utando hufunguka matundu, potasiamu ikavuja.

Swali: Mbona seli zetu hazitobolewi?
Uso wa nje wa seli zetu umejaa lipidi aina ya fosfatidilkolini na sfingomielini, ambazo chaji zake chanya na hasi hulingana, na kolesteroli huukaza utando. Hata hivyo kinga hiyo haitoshi kila mara: melitini ya sumu ya nyuki, yenye asidi amino 26, huua Candida na kupasua chembe nyekundu za damu vilevile.

Swali: Je, sekropini hufanya kazi kama amfoterisini B, dawa ya kuua kuvu?
La. Dawa hiyo hushika ergosteroli, mafuta yaliyo katika utando wa hamira, lakini sekropini huanza na lipidi zenye chaji.

Swali: Nitaonaje matundu hayo maabara?
Osha seli kwanza kuondoa chumvi ya chakula chao, kwa sababu ayoni zake hudhoofisha mvuto wa hatua ya kwanza. Kisha tia peptidi pamoja na propidiamu iodidi, rangi isiyopenya utando usiotoboka. Chini ya hadubini ya fluoresensi, inayoifanya rangi ing'ae, seli iliyotoboka hung'aa nyekundu rangi inapofika kwenye DNA. Weka pia sampuli isiyotiwa peptidi, maana katika kila kundi la hamira hazikosekani seli zilizokwisha kufa.