Kuingia mara moja kwenye mifumo ya usharika: mwongozo wa hatua kwa hatua

Katika sharika ninazohudumia, kuanzia Kirumba na Igoma hadi Nansio kule Ukerewe, mara nyingi nimekuta nenosiri la programu ya usharika limeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa kando ya skrini, likitumiwa na katibu, mhasibu na yeyote aliyeombwa kuingiza matoleo ya Jumapili. Mhasibu akimaliza kipindi chake nenosiri hubaki lile lile, na ahadi ya msharika ikionekana imebadilishwa, hakuna awezaye kusema ni nani aliyeibadilisha. Jambo hili si dogo, kwa sababu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inahesabu taarifa za imani ya mtu kuwa taarifa nyeti. Hapa naeleza namna ya kumpa kila mtumishi akaunti yake mwenyewe, ambayo kwa kuingia mara moja inamfungulia programu ya usharika, barua pepe na hifadhi ya nyaraka. Nitatumia Keycloak, programu huria isiyolipiwa inayomtambua mtu kwa niaba ya programu nyingine, ambayo unaisimika kwenye seva yako.

Hatua ya 1: Orodhesha watu na wanachohitaji.
Kaa na mchungaji na katibu, mkiwa na karatasi, kabla hamjagusa kompyuta. Mhasibu anahitaji kuona ahadi na matoleo. Kiongozi wa jumuiya anahitaji majina na namba za simu za watu wa jumuiya yake tu. Kazi hii inaweza kuchukua mchana mzima, na ndiyo itakayoamua kama mengine yatakaa sawa.

Hatua ya 2: Uliza programu yenu inaelewa itifaki gani.
Itifaki ni utaratibu ambao programu yenu na Keycloak hutumia kuelezana ni nani ameingia. Inapaswa kuelewa OpenID Connect, iliyotoka mwaka 2014, au SAML 2.0 ya mwaka 2005. Zikiwapo zote mbili, chagua ya kwanza, kwani ni rahisi zaidi kuichunguza inapokosea.

Hatua ya 3: Simika Keycloak.
Fungua eneo jipya la watumiaji (kwenye skrini huitwa «realm») kwa ajili ya usharika, na uliache lile liitwalo «master» kwa kazi ya usimamizi peke yake. Anwani ya seva lazima ianze na https.

Hatua ya 4: Isajili programu ya usharika ndani ya Keycloak.
Utapata kitambulisho cha programu na neno lake la siri, na utatakiwa kuandika anwani ambayo kivinjari kitarejeshwa baada ya mtu kuingia. Anwani hiyo hulinganishwa herufi kwa herufi, kwa hiyo mkwaju (/) mmoja uliozidi mwishoni unatosha kumzuia kila mtu. Usiweke alama ya nyota (*), inayokubali mwisho wowote wa anwani, ili kukwepa usumbufu huo, kwa sababu unakuwa umeruhusu watu warejeshwe mahali usipopajua.

Hatua ya 5: Unganisha akaunti na msharika halisi.
Hapa ndipo nimeona makosa mengi kuliko mahali pengine popote. Programu nyingi hupendekeza kumtambua mtu kwa barua pepe, ilhali wazee wengi wa kanisa walifunguliwa barua pepe na watoto wao, na wakati mwingine baba na binti wanatumia moja. Tena, ikiwa anwani haikuthibitishwa, mtu anaweza kujisajili kwa anwani ya mwenzake na mfumo ukamkabidhi kumbukumbu zisizo zake. Majina nayo hayatoshi, maana katika usharika mmoja wa Usukumani unaweza kuwakuta akina Masanja Mabula watatu. Niliwahi kudhani namba ya bahasha ya matoleo ingetufaa, hadi nilipoona kwamba mume na mke walikuwa na bahasha moja na kwamba namba ziligawiwa upya mwaka ulipoanza.

Kinachofaa ni kitambulisho ambacho OpenID Connect hukituma kwa jina la «sub»: hakibadiliki, na ndani ya Keycloak yenu hakipewi mtu mwingine. Zima uunganishaji wa moja kwa moja kwa barua pepe, kisha katibu aunganishe kila akaunti kwa mkono, mwenye akaunti akiwa ameketi mbele yake. Mtu mmoja huchukua dakika chache, na kazi hiyo hairudiwi.

Hatua ya 6: Ongeza uthibitisho wa pili.
Kwa wanaogusa fedha, washa namba za tarakimu sita zinazobadilika kila sekunde 30 ndani ya simu. Hazitegemei ujumbe mfupi, hivyo laini ikipotea au ujumbe ukichelewa hazikwami. Zinategemea saa ya simu. Mhasibu mmoja alikataliwa asubuhi nzima, na nilipoitazama simu yake nikakuta saa imewekwa kwa mkono na imechelewa dakika nne. Tuliiweka ijirekebishe kwa mtandao, akaingia papo hapo.

Hatua ya 7: Acha akaunti moja ya dharura ndani ya programu ya usharika.
Umeme ukikatika na seva ya Keycloak ikizimika, hakuna atakayeingia kwa njia ya kawaida. Nenosiri la akaunti hiyo liwe refu, liwekwe kwenye bahasha iliyofungwa na kusainiwa, ndani ya kasha la fedha la usharika.

Hatua ya 8: Jaribu kutoka, si kuingia tu.
Kwenye kompyuta ya ofisi, mhasibu atoke kwenye programu, kisha katibu abonyeze kitufe cha kuingia. Akiingia kama mhasibu bila kuulizwa nenosiri, kikao cha Keycloak, yaani kumbukumbu yake kwamba mtu bado yumo ndani, hakijafungwa, na inabidi uielekeze programu ifunge vikao vyote viwili, chake na cha Keycloak. Kikao kisichotumika hudumu dakika 30 usipobadilisha. Kwa ofisi yenye watu wengi mimi huweka 10.

Majaribio yakikamilika, zima nenosiri la zamani na ubandue ile karatasi. Siku mhasibu atakapokabidhi ofisi, zima akaunti yake kwenye Keycloak na ufunge vikao vyake vilivyo wazi kila mahali, lakini usiifute, ili alichoingiza kiendelee kusomeka kwa jina lake.