SOMO: Kugawa ruhusa za admin kwenye seva ya Linux bila kugawa nenosiri la root

Wakuu, swali la "nimpe kijana wa tovuti nenosiri la root au nifanyeje" nimelijibu humu mpaka vidole vimechoka. (Root ni akaunti yenye mamlaka yote ya seva.) Leo naliandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamrushia kiungo, asinune.

Natumia Ubuntu Server 24.04 kwenye VPS (seva pepe) ya kukodi, ile ambayo kampuni inakukabidhi root na nenosiri lake, basi. Asha ni admin kamili. Juma anashughulika na tovuti tu. Amri zote ni za root hadi niseme vinginevyo.

1. Kila mtu na akaunti yake

`adduser asha`, halafu `adduser juma`. Akaunti moja inayoitwa "admin" ya watu watano hapana. Siku kitu kikifutwa, kumbukumbu zitakuambia amefuta "admin", na hapo mtaanza kutazamana.

2. Mwingize Asha kwenye kikundi cha sudo

`usermod -aG sudo asha`. Sudo ni amri inayomruhusu mtu kufanya kazi kama root kwa nenosiri lake mwenyewe. Hiyo `-a` si pambo. Ukiiacha, `-G` inamtoa mtu kwenye vikundi vyake vingine vyote na kumbakiza kwenye ulichokitaja tu. Kama alikuwa ameshaingia, atoke aingie upya ndipo mabadiliko yamfikie. Wa Rocky na AlmaLinux, kikundi chenu kinaitwa `wheel`.

3. Ufunguo wa SSH

SSH ni njia salama ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali. Asha, kwenye kompyuta yake mwenyewe: `ssh-keygen -t ed25519`, kisha `ssh-copy-id asha@anwani-ya-seva`. Juma naye vivyo hivyo. Faili linalosafiri ni lile la `.pub` peke yake. Mtu akikutumia lile lingine, la siri, kwa WhatsApp, mwambie atengeneze jozi mpya.

4. Kufunga mlango wa root na wa nenosiri

Hapa soma polepole. Nimewahi kufungiwa nje ya seva kwenye hatua hii, kwa hiyo nivumilieni nikirefusha.

Kabla ya kugusa chochote, fungua konsoli ya kwenye tovuti ya kampuni uliyokodi seva na uhakikishe unaweza kuingia kupitia hapo. Halafu fungua dirisha la pili la teminali, ingia kama asha, andika `sudo whoami`. Ikijibu `root`, endelea. Isipojibu hivyo, rudi hatua ya 2. Dirisha la kwanza usilifunge mpaka nitakapokuambia.

Sasa tengeneza faili `/etc/ssh/sshd_config.d/10-mlango.conf` lenye mistari hii:

```
PermitRootLogin no
PasswordAuthentication no
KbdInteractiveAuthentication no
```

Kwa nini faili jipya, na kwa nini lianze na 10? Kwa sababu sshd (programu ya seva inayopokea wanaoingia kwa SSH) inashika thamani ya kwanza inayokutana nayo, zinazofuata inazipuuza. Kwenye Ubuntu, `sshd_config` inayaita mafaili ya folda hiyo juu kabisa, na yanasomwa kwa mpangilio wa majina. VPS nyingi zinakuja na `50-cloud-init.conf` ambamo kumeandikwa `PasswordAuthentication yes`. Mtu anashuka katikati ya `sshd_config`, anaandika `no`, analala usingizi mzuri, kumbe mlango uko wazi. Wengi wanaosema "mbona bado inaniomba nenosiri" wamenasa hapo.

Kagua: `sshd -t`. Ikikaa kimya, maandishi yako ni sahihi. Kisha `sshd -T | grep -Ei 'permitrootlogin|passwordauth'`, yenye T kubwa. Hiyo inakuonyesha kinachotumika kweli, si unachodhani umeandika. Ukiona `no` mbili, `systemctl reload ssh`. Mlioingia tayari hamkatwi.

Fungua dirisha la tatu. `ssh asha@...` ikubali. `ssh root@...` ikatae. `ssh -o PubkeyAuthentication=no asha@...` ikatae papo hapo bila kuomba nenosiri. Yote matatu yakitimia, *sasa* funga dirisha la kwanza.

5. Juma asipewe kila kitu

Kazi ya Juma ni kuwasha upya nginx (programu inayoendesha tovuti). Andika `visudo -f /etc/sudoers.d/juma`, ndani uweke:

```
juma ALL=(root) /usr/bin/systemctl restart nginx, /usr/bin/systemctl reload nginx
```

Tumia visudo, si nano moja kwa moja, kwa sababu visudo hukagua maandishi kabla ya kuhifadhi. Na faili usiliite `juma.conf`: kwenye folda hiyo jina lenye nukta linarukwa kimyakimya. Hakiki kwa `sudo -l -U juma`.

Usimpe vim, less wala find kupitia sudo ukidhani umempa kidogo. Ndani ya vim anaandika `:!bash`, tayari ni root. Akihitaji kuhariri faili fulani, mruhusu `sudoedit` na njia kamili ya faili hilo.

6. Akiondoka

`passwd -l juma` inafunga nenosiri tu, ufunguo wake wa SSH unaendelea kuingia kama kawaida. Tumia `usermod -L -e 1 juma`, kisha `pkill -KILL -u juma` kumtoa kama yuko ndani. Tazama `crontab -l -u juma`, yaani kazi alizopanga zijiendeshe zenyewe. Pitia pia `authorized_keys` (faili la funguo zinazoruhusiwa kuingia) za akaunti nyingine, usije ukakuta ufunguo wake umehamia kwa jirani.

Maswali yaje.

---

Mgeni_wa_Jiji: Mkuu nimefuata kila kitu sasa siingii, inasema Permission denied (publickey). Msaada wa haraka tafadhali, ni seva ya bosi

Jibu: Dirisha la kwanza liko wazi?

Mgeni_wa_Jiji: Nililifunga nikijua nimemaliza

Jibu: Hukufuata kila kitu. Ingia kwa konsoli ya kampuni, utuletee majibu ya `ls -la /home/asha/.ssh`.

Mgeni_wa_Jiji: authorized_keys inaonyesha root root. Nililibandika mwenyewe nikiwa root

Jibu: Ndiyo hiyo. asha hawezi kusoma faili la root ndani ya nyumba yake mwenyewe. `chown -R asha:asha /home/asha/.ssh`, folda iwe 700, faili liwe 600. `ssh-copy-id` iliyotajwa hatua ya 3 ingekuepusha na haya.

Mgeni_wa_Jiji: Imekubali. Asante mkuu, Mungu akubariki

---

Kipanga: Somo refu bure. Mimi naweka NOPASSWD: ALL kwa wote na sijawahi kupata shida.

Jibu: Sawa. Siku laptopu ya mmoja wao ikiibwa ikiwa haijafungwa, mwizi naye hataulizwa nenosiri. Ni seva yako.

Kipanga: Usipanik mkuu, nimeuliza tu

Jibu: Hukuuliza.

---

Mwanachuo_Moro: Shikamoo mkuu. Nina swali la kutaka kuelewa tu. Tunaiamini sudo kulinda root, je, sudo yenyewe ikiwa na tundu?

Jibu: Marahaba. Swali zuri, na imeshatokea. Januari 2021 kampuni ya usalama Qualys walitangaza CVE-2021-3156 (CVE ni namba ya kutambulisha tundu la usalama), waliyoibandika jina la Baron Samedit. Tundu lilikuwemo tangu 2011, na mtumiaji yeyote wa ndani aliweza kuwa root hata kama hayumo kwenye sudoers, orodha ya walioruhusiwa kutumia sudo. Likazibwa toleo 1.9.5p2. Mwaka 2025 likaja jingine, CVE-2025-32463, la kipengele cha chroot, likazibwa 1.9.17p1.

Jambo linalowachanganya watu: Ubuntu huziba tundu bila kupandisha namba ya toleo la programu. Kwa hiyo `sudo --version` inaweza kukuonyesha namba ya zamani ilhali uko salama. Angalia `apt changelog sudo`, tafuta namba ya CVE humo. Na kijana asiyehitaji kuingia kwenye seva asipewe akaunti kabisa, maana matundu ya aina hii yanamtaka mtu awe ameshaingia ndani.

Mwanachuo_Moro: Nimeelewa sana. Na mtu aliyeko kikundi cha docker?

Jibu: Mhesabu kuwa ni root. Docker ni programu ya kuendesha programu nyingine ndani ya kontena, na anaweza kuwasha kontena lililobeba diski nzima ya seva na kuandika anapotaka, bila sudo kuulizwa chochote. Nyaraka za Docker zenyewe zinaonya. Nilisahau kuliweka kwenye somo, umenisaidia.

---

Binti_Seva: Nyongeza: kuona nani kafanya nini, `journalctl _COMM=sudo`. Mimi pia nazituma kumbukumbu kwenye mashine nyingine kwa rsyslog, maana mwenye sudo kamili anaweza kuzifuta za hapohapo.

Jibu: Hii ni muhimu dada. Wanaosoma, chukueni.

Kipanga: Haya, nimerudi kwa amani. Nimebadilisha Port kwenye sshd_config ya 24.04, nimefanya reload, bado inasikiliza 22. Kwa nini?

Jibu: Karibu tena. Kwenye 24.04 anayesikiliza ni `ssh.socket`. Kwanza `ufw allow` (ruhusa kwenye ukuta wa moto) namba mpya ya port, kisha `systemctl daemon-reload` na `systemctl restart ssh.socket`. Dirisha unalijua.

Kipanga: Liko wazi mkuu 😂 imekubali. Na fail2ban, ile ya kuwafungia wanaojaribu kuingia mara nyingi, inasetiwaje kwa port mpya?

Jibu: Fungua uzi wake, Binti_Seva anaijua kuliko mimi.