Moto ama mafuriko yakifika kwa mtaa wako Nairobi: nani ana nguvu gani na wa kusumbua ni nani

Maji yakiingia usiku ama moto ukishika, sisi wote tunakimbilia mtu mmoja, mheshimiwa MCA, yaani mwakilishi wa wodi kwa bunge la kaunti, anapigiwa simu mpaka anaizima. Hata mimi nilikuwa hivyo. Aprili 2024 maji yalitupata pale Mukuru mpaka juu ya kitanda, asubuhi nikaenda kupiga laini kwa ofisi moja nikingoja magodoro, nikakaa hapo karibu masaa sita na viatu vimelowa, kumbe majina yanaandikwa kwa chifu hapo nyuma tu, na nilipofika daftari lilikuwa limefungwa. Sasa naandika hii ili wewe usipoteze siku kama mimi.

Elewa kwanza kwamba hapa Nairobi una serikali mbili kwa mtaa mmoja. Katiba ya 2010, ile Jedwali la Nne, imeipa kaunti kazi ya zimamoto na kushughulikia majanga, lakini majanga hayo hayo yako pia kwa orodha ya serikali kuu, na hapo ndio kila mtu anapata mlango wa kusema hiyo si kazi yangu. Wa kaunti ni gavana, wasimamizi wa zile kaunti ndogo 17, msimamizi wa wodi yako (wodi ziko 85), zimamoto, kanjo (askari wa kaunti), na hospitali kama Mama Lucy na Mbagathi. Wa serikali kuu ni kamishna wa kaunti, naibu wake ambaye wazee bado wanamwita DC, chifu, naibu chifu na polisi. Chifu hatumwi na gavana, na gavana hawezi kumuamrisha OCS, yule mkuu wa kituo cha polisi. Ukishika hiyo tu umeshapunguza nusu ya safari za bure.

Dakika za kwanza usitafute cheo cha mtu, piga 999 ama 112, Red Cross wako 1199. Usiseme tu "moto Mukuru", Mukuru ni kubwa, taja shule ama kanisa lililo karibu na useme lori linaweza kuingilia barabara gani, halafu tuma vijana wasimame hapo na watoe vibanda na pikipiki njiani juu mara nyingi gari la zimamoto linafika na kukwama mita mia moja kutoka kwa moto, kisha watu wanaanza kulipiga mawe. Pigia Kenya Power 97771 wakate stima kabla mtu hajaanza kumwaga maji, haswa mahali waya za kuiba zimepita juu ya mabati, na sote tunajua ni wapi. Mtu akiumia mpeleke hospitali iliyo karibu, iwe ya serikali ama ya mtu binafsi, na wakianza kuuliza deposit waambie Katiba kifungu cha 43(2) inasema hakuna mtu wa kunyimwa matibabu ya dharura. Sema polepole bila matusi, inasaidia.

Sasa tuje kwa amri. Hapa watu wanatishwa sana. Kutangaza hali ya hatari ya nchi ni Rais peke yake, kifungu cha 58 cha Katiba, na inadumu siku 14 pekee mpaka Bunge la Taifa likubali kuongeza. Gavana hana hiyo nguvu, chifu hata usiseme. Kafyu nayo inatoka kwa waziri wa usalama wa ndani, kama ile ya korona iliyoanza 27 Machi 2020, kwa hivyo mtu wa mtaa akikuambia saa mbili kila mtu awe ndani kwa sababu kulikuwa na moto, hiyo ni maoni yake.

Lakini kuna kuhamishwa na kuna kubomolewa, tafadhali usichanganye. Mto ukiwa umejaa ama ukuta wa ghorofa umepasuka na ofisa anasema tokeni, tokeni, bishana kesho. Mimi nimeona watu wakibaki kulinda televisheni. Kubomolewa ni hadithi tofauti. 2024 baada ya mafuriko tingatinga ziliingia Mathare na Mukuru kwa wale walio kando ya mto, na wengi wetu hatukujua cha kuuliza. Sheria ya Ardhi kwa kawaida inataka notisi ya maandishi ya miezi mitatu, na kifungu cha 152G kinasema wanaokuja kukutoa lazima wajitambulishe, waonyeshe idhini rasmi, maofisa wa serikali wawepo ikiwa wanatolewa watu wengi, na wewe mwenye nyumba upewe nafasi ya kwanza ya kubomoa mwenyewe uokoe mabati na mbao zako. Hiyo ya mabati ndio watu hawajui kabisa! Basi uliza jina, uliza ofisi, omba kuona hiyo barua, piga picha ya karatasi. Hakuna haja ya kusimama mbele ya tingatinga, karatasi inatosha kumpelekea wakili.

Chifu wako mtumie kwa mambo yake: kuandikisha walioathirika, barua ya utambulisho, kuita baraza. Nenda siku hiyo hiyo, hata kabla hujapata pa kulala, na uandikishe kila mtu wa nyumba yako, si ati jina la baba peke yake, juu mpangaji aliye kwa chumba cha nyuma huwa anasahaulika. Kitambulisho kikiungua ama kikibebwa na maji pitia kituo cha polisi upate abstrakti, ile karatasi ya polisi ya kuonyesha umeripoti kimepotea.

MCA je? Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kifungu cha 9 inamkataza kabisa kujiingiza kwa kazi za utekelezaji, yaani si yeye wa kugawa blanketi za kaunti kama vile ni mfanyakazi wa stoo. Akileta unga wake mwenyewe, asante sana mheshimiwa. Kazi yake yenye maana iko kwa pesa. Kaunti inaweza kuwa na hazina ya dharura chini ya sheria ya fedha za umma ya 2012, waziri wa fedha wa kaunti anaweza kuitumia haraka ikitokea kitu ambacho hakikutarajiwa, isizidi asilimia 2 ya mapato ya kaunti ya mwaka uliotangulia, lakini ndani ya miezi miwili lazima aende bunge la kaunti kuomba idhini ya alichotumia. Sasa hapo ndio MCA wako anakaa! Badala ya kumuuliza magodoro yako wapi, muulize zile pesa za mafuriko zilikuja kwa bunge lini, zilinunua nini, na wodi yetu ilipata ngapi. Utaona vile uso unabadilika.

Na wewe pia unaweza kuuliza bila yeye. Sheria ya kupata habari ya 2016 inakubali uandikie ofisi ya serikali kwa Kiswahili, hulazimiki kueleza sababu, na wana siku 21 za kukujibu, ama masaa 48 kama habari hiyo inahusu maisha ya mtu. Andika kwa ufupi: jina lako, tarehe ya moto, unataka orodha ya walioandikishwa kutoka mtaa wako ama pesa zilizotumika. Peleka nakala mbili, moja wabaki nayo na ingine wakugongee mhuri wa siku uliyoileta. Sekretari akisema mhuri uko kwa bosi na bosi ametoka, kaa chini umngoje. Wakinyamaza mpaka siku ziishe, hiyo nakala yenye mhuri ndio unapeleka kwa Tume ya Haki za Utawala, watu wanaiita Ombudsman, na bila mhuri hata huko watakuuliza, ulipeleka lini?