Uongozi Mbovu Ofisini: Andika Kwanza, Lalamika Baadaye

Ofisi mbovu huendeshwa kwa mdomo. Meneja anapita mezani kwako, anasema acha hiyo ripoti ushike hii, anaondoka. Wiki mbili baadaye ripoti inaulizwa, naye anadai hakuna aliyekuruhusu kuiacha. Katika mvutano wa namna hiyo neno la mkubwa hulishinda la mdogo, isipokuwa pakiwa na maandishi ya siku ile ile. Ndiyo maana kujilinda huanza na kalamu, kabla ya kulalamika na kabla ya kuacha kazi.

Daftari la matukio

Tafuta daftari lililoshonwa, lisilochomolewa kurasa kirahisi, ili mtu asiweze kusema umepachika mambo baadaye. Liweke nyumbani. Kila linapotokea jambo, andika jioni ile ile. Dakika 5 zinatosha. Weka tarehe, saa, mahali, waliokuwepo, maneno yenyewe yaliyotamkwa, na kilichoharibika kazini kwa sababu hiyo.

"Alinidharau tena" haimsaidii yeyote atakayesoma. "Saa 4:20 asubuhi, chumba cha mikutano, mbele ya watu 6, alisema 'wewe ni mzigo kwa idara hii' na kuitupa ripoti mezani" inasaidia, kwa sababu wale 6 wanaweza kuulizwa. Hisia zako ni za kweli na zina uzito, ila ziandike ukurasa wa nyuma, mbali na matukio.

Wengi huharibu hapa kwa njia mbili. Kuna wanaoandika kwenye kompyuta ya ofisi, na siku wakisimamishwa akaunti inafungwa na kumbukumbu zote zinabaki huko. Wengine hujitumia nyaraka za ofisi kwenye barua pepe binafsi, na kosa hilo la kutoa siri za mwajiri linaweza kugeuka sababu halali ya kuwafukuza. Nyaraka za ofisi ziache zilipo. Andika jina la kila hati, tarehe yake na mahali inapohifadhiwa. Zilizo zako, yaani mkataba, hati za mshahara, tathmini za utendaji na barua za onyo, toa nakala.

Usirekodi sauti kwa siri kabla ya kujua sheria ya nchi yako inasemaje, maana kwingine ni kosa la jinai.

Geuza agizo la mdomo kuwa maandishi

Ukipewa agizo la mdomo, tuma ujumbe ndani ya saa moja, mistari mitatu au minne, kwa lugha ya upole:

"Habari. Kama tulivyozungumza asubuhi, nasitisha ripoti ya robo mwaka na kuanza na jedwali la wateja, nitalikamilisha Alhamisi saa 10 jioni. Ripoti itasogea hadi Jumanne. Kama nimeelewa vibaya, naomba unirekebishe leo."

Sentensi kuhusu ripoti kusogea ndiyo muhimu kuliko zote, kwa kuwa inataja gharama ya uamuzi huo na inamwachia aliyeufanya. Asipojibu, ujumbe unabaki na tarehe yake. Usiweke nakala kwa mkubwa wake kila mara. Ukifanya hivyo unaonekana umetangaza vita, na utanyimwa hata taarifa unazozihitaji kwa kazi.

Ukirundikiwa kazi tano na zote zikaitwa za haraka, usiseme "siwezi". Ziorodheshe, weka makadirio ya saa mbele ya kila moja, jumlisha, kisha uliza ipi ianze. Orodha ya saa 60 kwa wiki ya saa 40 inajieleza yenyewe.

Majungu yapo kila ofisi ya aina hii. Sikiliza kidogo, usichangie, na usiandike chochote kuhusu mtu kwenye kikundi cha simu, hata cha marafiki.

Soma ulichoandika

Baada ya wiki nne keti na daftari. Maagizo yanayobadilika kila siku kwa watu wote ni udhaifu wa uongozi, na hapo ujumbe wa uthibitisho na orodha ya saa vinaweza kutosha. Lakini ukiona ni wewe tu unayefokewa, au kuna vitisho, au kuguswa usikotaka, huo ni unyanyasaji. Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa 2019, unatambua kwamba hata tukio moja linaweza kuwa unyanyasaji, wala si lazima lirudiwe. Jambo zito kama hilo halisubiri wiki nne.

Malalamiko yasizidi ukurasa mmoja: matukio matatu yenye tarehe na mashahidi, athari kwa kazi, na unachoomba, kwa mfano kuhamishiwa kwa msimamizi mwingine. Malalamiko yasiyo na ombi hupokelewa na kufunguliwa faili tu. Kumbuka pia kwamba idara ya rasilimali watu imeajiriwa na mwajiri, hata ikiwa na watu wema; omba upokeaji uthibitishwe kwa maandishi, na kama una chama cha wafanyakazi, wape nakala siku hiyo hiyo.

Jipime mwili pia. Shirika la Afya Duniani linaeleza uchovu wa kazi kwa dalili tatu: nguvu kuisha, moyo kujitenga na kazi au kuichukia, na ufanisi kushuka. Ukiziona zote, nenda kwa daktari ukiwa bado kazini, na utunze karatasi zake.

Ukiamua kuondoka

Usiandike barua siku uliyofokewa. Kwanza soma kipengele cha notisi kwenye mkataba, hesabu siku za likizo ulizobakiza, na uweke akiba ya miezi mitatu ya matumizi ya lazima ikiwezekana. Barua iwe na mistari minne tu: unaacha nafasi gani, siku ya mwisho ni ipi, unaomba malipo ya likizo, utakabidhi kazi. Sababu zibaki kwenye daftari. Siku ya makabidhiano orodhesha kila faili, ufunguo na kifaa, wote wawili mtie saini, na uondoke na nakala yako mkononi.