Kusoma mapafu ya nguruwe kichinjioni: somo kwa wafugaji, kuanzia Nakuru hadi Busia

Nguruwe akianza kukohoa, wengi wetu tunakimbilia agroveti. Chupa ya penisilini inanunuliwa, banda zima linachomwa sindano, na baada ya wiki mbili kikohozi kiko palepale. Wakati huohuo, mwenzake wa banda lilelile alichinjwa Jumamosi na mapafu yake wakarushiwa mbwa. Kule Teso watu ni hodari wa kumvuta nguruwe ulimi kutafuta tegu kabla ya kutoa pesa, lakini pafu hakuna anayeligeuza. Ndilo hilo ninalotaka tulibadilishe. Kidonda kikiwa kwenye pafu, sehemu kilipokaa inakuonyesha adui ni nani, na kila adui ana dawa yake.

Somo hili halimfanyi mtu kuwa daktari wa mifugo. Litakusaidia kumpigia simu ukiwa na la kumweleza.

Hatua ya 1: Jua mzoga usiopaswa kufunguliwa

Kama nguruwe wanakufa kwa mfululizo, wana homa kali, masikio na tumbo vimegeuka vyekundu au zambarau, weka kisu chini. Hiyo yaweza kuwa homa ya nguruwe ya Afrika, ugonjwa ulioelezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza hapa hapa Kenya mwaka 1921, na hadi leo hauna tiba. Binadamu haumwambukizi, lakini damu ya mzoga mmoja ukiufungua uani inatosha kumaliza nguruwe wa kijiji. Vilevile, nguruwe aliyekufa ghafla huku damu ikimtoka puani au nyuma, au aliyevimba koo, anaweza kuwa na kimeta, na kimeta kinaua watu. Wa Nakuru mnakumbuka nyati wa mbugani waliokufa kwa kimeta mwaka 2015. Katika hali hizi zote mpigie afisa wa mifugo wa kaunti ndogo. Sheria inakutaka utoe ripoti.

Kwa hiyo somo letu linahusu nguruwe waliochinjwa kawaida mbele ya mkaguzi wa nyama, au aliyekufa na daktari akakubali afunguliwe. Vaa glavu, gambuti na barakoa. Mafua ya nguruwe yanaweza kuhamia kwa mtu, na wapo bakteria wanaoingilia kwenye mkwaruzo mdogo wa kidole.

Hatua ya 2: Pata mapafu mazima

Ongea na mchinjaji mapema, kabla hajaanza kazi. Mwombe akutolee mapafu yakiwa na moyo na bomba la hewa, bila kuyakatakata. Yasuuze kwa maji kidogo, yalaze juu ya meza au gunia safi, upande wa mgongo ukutazame, bomba la hewa likielekea mbali nawe. Ukiyalaza hivyo, pafu la kulia litakuwa mkono wako wa kulia.

Utaona vipande saba: viwili vya mbele kabisa, viwili vya kati vinavyoukumbatia moyo, viwili vikubwa vya nyuma, na kimoja kidogo kilichojificha chini upande wa kulia. Pafu lenye afya lina rangi ya waridi, ni jepesi, ukilibonyeza linarudi.

Hatua ya 3: Pitisha vidole kabla ya kisu

Hapa usiwe na haraka. Macho hudanganywa na mwanga wa kichinjioni, vidole havidanganywi kirahisi. Anza mbele, bonyeza kila kipande, shuka hadi nyuma, kisha geuza upande wa chini urudie.

Ukikuta vipande vya mbele na vya kati, pande zote mbili, vimekuwa vigumu kama nyama ya paja, rangi ya zambarau iliyofifia au kijivu, na mpaka kati ya pabovu na pazima unaonekana wazi kana kwamba umechorwa, huo ni mwonekano wa nimonia ya maikoplazima. Ndiyo inayoleta kile kikohozi kikavu cha wanaokua na wanaonenepeshwa, ambacho hakiui lakini kinakula chakula chako: mnyama anakula, uzito haupandi. Maikoplazima ni bakteria asiye na ukuta wa seli, na penisilini hufanya kazi kwa kubomoa ukuta huo. Ndiyo maana ile chupa haikusaidia. Daktari ataangalia upande wa oksitetrasaiklini, tailosini au tiamulini. Doa la namna hii likiwa na usaha unaotoka kwenye mirija ukilikata, basi bakteria wengine, hasa pasturela, wameingia kwa mlango uliokwisha kufunguliwa.

Madoa ya vipande vya mbele yakiwa madogomadogo, mekundu, yametawanyika, mraba mmoja mgonjwa na wa jirani yake mzima, na banda zima liliugua kwa siku mbili tatu kisha likapona, fikiria mafua.

Sasa nenda nyuma. Uvimbe mgumu, mwekundu mweusi, upande wa juu wa vipande vikubwa, wenye utando wa njano juu yake na pafu limegandana na mbavu: hiyo ni plurinimonia ya aktinobasila, nimonia ya bakteria inayoshika pafu pamoja na utando wake. Hii haina subira. Nguruwe alikula jioni, asubuhi amekufa, povu lenye damu puani. Aliyenusurika huchinjwa miezi baadaye na ukimfungua unakuta pafu halitoki kifuani bila kuchanika, na ndani mna jipu lenye ganda. Mchinjaji wako akilalamika kwamba mapafu "yamenata," usimpuuze. Huyo amekusomea ugonjwa bila kwenda shule. Tofauti na maikoplazima, hapa penisilini mara nyingi inafaa, mradi itolewe mapema na kwa sindano, kwa sababu mgonjwa huacha kula na kunywa na dawa ya kwenye maji haimfikii.

Kuna pafu ambalo halina doa mahali maalumu. Limevimba lote, halikunywea baada ya kifua kufunguliwa, limekuwa la kimpira, na rangi imechanganyika. Hapo washukiwa wa kwanza ni virusi, na jicho pekee halitoshi. Na ukiona utando wa njano juu ya mapafu, kwenye mfuko wa moyo, tumboni na hata viungo vimejaa maji, kwa watoto waliotoka kuachishwa, huo ni ugonjwa wa Glasser.

Madoa ya damu madogo kama vichwa vya pini? Tazama ini. Likiwa na mabaka meupe, ni lava, yaani watoto wa minyoo ya askaris, waliopitia mapafuni.

Hatua ya 4: Kisu na ndoo ya maji

Kata sehemu ngumu na sehemu laini, vipande vidogo, utupe kwenye ndoo. Pafu lenye hewa huelea, lililojaa ugonjwa huzama. Fungua pia bomba la hewa hadi mirija midogo uone kama kuna usaha, povu au minyoo.

Hatua ya 5: Andika alama

Kila kipande kati ya vile saba kipe alama 0 hadi 4: sifuri hakina kitu, 1 chini ya robo, 2 robo hadi nusu, 3 nusu hadi robo tatu, 4 zaidi ya hapo. Jumla kuu ni 28. Kumbuka kwamba vile vitano vidogo kwa pamoja ni kama asilimia 37 tu ya uzito wa mapafu, na viwili vya nyuma vinabeba asilimia 63. Mwenye shamba kubwa apime angalau nguruwe 30 kwa kundi. Wewe mwenye wanne pima wote wanne. Pafu la siku ya kuchinja husimulia miezi ya mwisho tu. Aliyeugua akiwa mdogo huenda akabaki na makovu membamba yaliyojikunja.

Hatua ya 6: Sampuli

Kata mpakani, nusu pabovu nusu pazima, unene wa sentimita 1. Kipande kimoja kiingie kwenye fomalini (maji ya dawa ya kuhifadhi sampuli) ya asilimia 10, mara kumi ya ujazo wake. Kingine kiwekwe kwenye barafu, kisigandishwe. Maabara za uchunguzi wa mifugo za serikali ziko Nakuru, Eldoret na Kericho. Peleka kabla ya kuwachoma dawa waliobaki.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Rongai: Mwalimu, dalali alikuta mapafu ya nguruwe wangu yana madoa mekundu, akanikata bei. Hawakuwahi kukohoa. Ni haki?

Uliyabonyeza? Madoa mekundu angavu, laini, yanayoelea kwenye maji, mara nyingi ni damu aliyovuta nguruwe wakati wa kuchomwa kisu. Huo ni mkono wa mchinjaji, si ugonjwa. Wa kuamua ni mkaguzi wa nyama, dalali si wake huo uamuzi. Siku nyingine simama pale.

Mwanachama, Amagoro: Wangu hufungwa kamba na mchana hufukua shambani. Nimeona nyuzi nyeupe kwenye ncha za nyuma za mapafu, na hapo pamevimba kijivu. Nilidhani ni mishipa.

Hiyo ni minyoo ya mapafu, ndugu yangu. Mayai hutoka na kinyesi, nyungunyungu huyameza, nguruwe akifukua humla nyungunyungu. Kumhamisha kamba mita chache hakusaidii, nyungunyungu wamo pia kule. Levamisoli au ivamektini hufanya kazi, kwa kipimo cha daktari, lakini asipoacha kufukua utarudia kila mara. Sakafu ya saruji ndiyo inayokata mzunguko.

Mwanachama, Kisumu: Wangu hukohoa wakati wa kula tu. Nawapa pumba na vumbi la omena. Wawili waliochinjwa mapafu yao yalikuwa safi.

Basi umeshajijibu, mama: ni vumbi. Lowesha chakula kabla ya kumwaga horini uone kama kitaisha. Usinunue dawa bado.

Mwanachama, Molo: Huku ni baridi, nimeziba banda kwa magunia pande zote. Alama zangu ni 9 hadi 14, vipande vya mbele na vya kati. Dawa ya tailosini imepunguza kikohozi kisha kimerudi.

Chuchumaa ndani ya banda asubuhi kabla ya kufagia, pua yako iwe usawa wa pua ya nguruwe. Macho yakikuwasha, hewa ya mkojo imezidi, na hiyo huunguza vinyweleo vinavyosafisha mirija yao. Ziba chini wasipigwe na upepo, acha wazi juu ili hewa itoke, ongeza maranda wanapolala. Pia usichanganye wakubwa na wadogo. Toa kundi lote, osha banda, acha likauke, ndipo uingize kundi jingine. Chanjo ya maikoplazima ipo duniani. Muulize daktari wako kama anaweza kukupatia.

Mwanachama, Kakamega: Nyama ya nguruwe mwenye mapafu mabovu inaliwa?

Mkaguzi akiona mzoga mzuri, hana homa wala majipu mengine, kwa kawaida mapafu hutupwa na nyama hupitishwa. Lakini kama ulimchoma dawa, soma chupa: zile siku za kungoja lazima ziishe kwanza. Na mapafu yazikwe au yachomwe, mbwa wasipewe.

Mwanachama, Njoro: Nimemkuta mmoja amekufa alfajiri, nusu ya mapafu ni nyeusi na nusu nyekundu. Ni aktinobasila?

Alikuwa amelalia ubavu gani? Damu hushuka upande wa chini baada ya kifo, pafu la huko huwa jeusi lakini laini. Kama ni gumu na lina utando, nitumie picha ya pande zote mbili pamoja na ya bandama. Bandama ikiwa kubwa na nyeusi, huenda ni yale magonjwa ya Hatua ya 1: funga banda, usiuze hata mmoja, na umwite afisa wa mifugo leo hii.