Namba ya HS ya mifuko ya karatasi: anza na mfuko, ankara baadaye

Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Tanzania, Juni 1, 2019, wenye maduka wa Makoroboi na Kirumba, Mwanza, wamekuwa wakiagiza ya karatasi kwa marobota. Wengi huniletea ankara yenye namba ya HS (namba ya kupanga bidhaa kwa ajili ya ushuru wa forodha) aliyoandika muuzaji wa China, wakitaka niinakili kwenye TANSAD, tamko la forodha la Tanzania. Siinakili. Tarakimu 6 za mwanzo ni za dunia nzima; zinazofuata kila upande hujiwekea zake, na sisi Afrika Mashariki tunatumia 8.

Hatua ya 1: Dai sampuli kabla mzigo haujapakiwa. Picha ya WhatsApp haipimiki.

Hatua ya 2: Jua mfuko umetengenezwa kwa nini. Kaki ya kawaida haina maneno, ni kichwa 48.19, yaani kundi la 19 ndani ya Sura ya 48, ya karatasi. Mabishano huja kwenye ile ya zawadi inayong'aa. Chana kona, loweka kwenye maji ya uvuguvugu. Karatasi ikilainika, utabaki na ngozi ya plastiki vidoleni. Je, ngozi hiyo inauhamishia mfuko Sura ya 39, ya plastiki? Dokezo la 2(g) la Sura ya 48 linajibu: unahama plastiki ikizidi nusu ya unene wote. Mingi ya aina hii ni karatasi nzito yenye filamu nyembamba, kwa hiyo hubaki 48. Ukiwa na shaka, maikromita itamaliza ubishi.

Ile mifuko mbadala laini kama kitambaa ni habari nyingine. Ni nyuzi za plastiki zilizogandamizwa, si karatasi, hata muuzaji aipambe kwa jina gani. Toka Sura ya 48 kabisa.

Hatua ya 3: Usitishwe na nembo. Jina la duka lililochapwa halifanyi mfuko uwe kitu cha kusoma. Kazi yake bado ni kubebea bidhaa. Anayekupeleka Sura ya 49, ya vitabu na machapisho, mwoneshe Dokezo la 12 la Sura ya 48.

Hatua ya 4: Pima kitako. Hapa ndipo wengi hukwama. Mfuko wenye kitako cha upana wa sentimita 40 au zaidi ni 4819.30. Mingine yote ni 4819.40, na humo zimo hata koni, kama zile za wauza karanga. Sasa soma ankara: "32×12×41". Mtu anaona 41 na kukimbilia 4819.30. Lakini 41 ni kimo. Utanue mfuko, usimamishe mezani, weka rula chini: kitako ni 32 kwa 12, hakifiki 40 upande wowote. Jibu ni 4819.40. Vipimo vya kitako viandikwe kwenye maelezo ya bidhaa, saizi kwa saizi. "Mifuko ya karatasi" pekee ni kumwalika afisa afungue robota.

Maboksi ya karatasi ngumu yenye mawimbi kama bati, ya kusafirishia minofu ya sangara nayo yamo 48.19, ila ni 4819.10. Ukiyaleta pamoja na mifuko, yaandike mstari wake.

Hatua ya 5: Kiwango cha ushuru kitafute mwisho, ukishapata namba, si kinyume chake. Fungua jedwali la pamoja la ushuru la Afrika Mashariki la 2022, kisha Gazeti la EAC (Jumuiya ya Afrika Mashariki) la mwaka wa fedha husika, maana kila Julai nchi huweza kupewa kiwango tofauti na cha jedwali. Alicholipa jirani yako mwaka jana si ushahidi. Na kama mifuko imetengenezwa Uganda au Kenya, dai cheti cha uasilia kabla ya kulipa. Bila hicho utatozwa kama umeagiza Guangzhou.

Hatua ya 6: Mzigo ukiwa mkubwa, omba TRA (Mamlaka ya Mapato) uamuzi wa awali kwa maandishi, ukiambatanisha sampuli. Kifungu cha 248A cha Sheria ya Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 kinakuruhusu. Namba yako ikikataliwa baada ya mzigo kufika, kifungu cha 229 kinakupa siku 30 tangu uamuzi kutolewa kuomba mapitio. Wakala akikwambia "tulipe tu, tutadai baadaye", muulize barua ya mapitio ataiwasilisha tarehe ngapi.