PS2 ya mtumba: soma volti kabla hujaichomeka

Ukiiona PS2 (PlayStation 2, mashine ya michezo ya video) ya mtumba pale Darajani, sokoni Zanzibar, igeuze kwanza usome kibandiko cha nyuma. Zile pana za soko la Japani zimeandikwa 100V. Umeme wetu ni 230V, ukiichomeka moja kwa moja unaiunguza. Itataka transfoma ya kushusha umeme, basi ihesabu kwenye bei. Tena haisomi diski halisi za michezo za Ulaya. Ijaribu kwa diski mbili: ya CD, yenye uso wa buluu chini, na ya DVD, ya rangi ya fedha. Kila aina ina leza yake (mwanga unaosoma diski), kwa hiyo moja huweza kufa na nyingine ikasoma vizuri tu. Iache icheze nusu saa. Leza iliyochoka hukwama mashine ikishapata moto. Skrubu zina kutu? Imekula hewa ya chumvi, omba ifunguliwe uione bodi.